Betri Imevimba: Zima Chaja Kabla Hujamwita Fundi

Kama unayasoma haya na chini ya meza yako kuna betri iliyotuna ubavuni, weka jarida chini kwanza. Nenda ukazime chaja au inveta kwenye swichi ya ukutani. Kama swichi hiyo imebanana na betri, zima kwenye swichi kuu ya nyumba. Kama inachajiwa na sola, zima breka ya paneli. Isipokuwepo, funika paneli kwa turubai zito lisilopitisha mwanga. Usianze kwa kuchomoa waya kwenye vichwa vya betri, maana cheche moja pale inatosha kuleta balaa. Fungua madirisha na milango, watoe watoto, usiwashe kiberiti, wala feni, wala taa ya chumba hicho. Betri ikiwa ya moto, au ukisikia inatokota au kupiga mluzi, nawe toka. Ukishafanya hivyo rudi, tuzungumze kwa nini.

Haraka yangu ni ya msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, vyumba vingi vya Pwani vilivyoezekwa bati hupita nyuzi 35 mchana, na ndani ya vyumba hivyo siku hizi mna betri za kila namna: za inveta kwa sababu ya umeme unaokatika, za sola, za vibanda vya kuchajia simu, za mashine za kunyolea. Wengi wetu tumeziweka mahali pabaya kuliko pote, yaani uvunguni, kabatini au nyuma ya kochi lililosukumwa hadi ukutani, halafu tunalala karibu nazo. Na ikivimba, neno la kwanza la jirani, na mara nyingi la fundi pia, ni kwamba imezeeka, nunua nyingine. Hapo ndipo ninapobisha. Betri iliyovimba tumbo kwa kawaida haikufa kwa uzee. Imepikwa, na kilichoipika bado kimetundikwa ukutani kikisubiri mpya.

Betri za risasi na asidi ni kitu kikongwe. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza mwaka 1859 na kanuni yake ni ile ile hadi leo. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi, mengine chanya na mengine hasi, na katikati yake asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ukichaji, umeme unarudisha kwenye mabamba kile kilichotumika wakati wa kuwasha taa. Kazi hiyo ikiisha, yaani betri imejaa, na chaja bado inasukuma, umeme hauna tena cha kufanya kwenye mabamba. Unageukia maji na kuyavunja kuwa haidrojeni na oksijeni. Hali hiyo inakuwa kali pale volti za chumba kimoja zinapofika kama 2.4, sawa na volti 14.4 kwa betri nzima.

Betri ya maji, ile yenye vifuniko sita juu, inaitoa gesi hiyo kwenye vitundu vya vifuniko, na mwenyewe unajaza maji yaliyosafishwa yanapopungua. Ndiyo maana huvimba kwa nadra. Inavimba pale vitundu vinapozibwa na vumbi na tope, au pale kimpira cha kupumulia cha betri ya pikipiki kinapobanwa chini ya kiti na fundi aliyekuwa na haraka. Betri iliyofungwa ni habari nyingine. Watu huiita betri kavu, lakini asidi imo, imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo au imegandishwa kuwa jeli. Oksijeni inayozaliwa upande wa chanya inasafiri hadi bamba hasi na kugeuka tena maji, hivyo betri haihitaji kujazwa. Ni ubunifu mzuri sana, ila una bei yake: kila oksijeni inapogeuka maji, joto linatoka. Gesi ikizidi uwezo huo, valvu ndogo juu ya kila chumba inafunguka na kuitoa nje, na maji yaliyopotea namna hiyo hayarudi tena.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo linaloua betri kwa siku chache. Betri ikipata joto, kwa volti zile zile inavuta umeme mwingi zaidi. Umeme ukizidi, joto linazidi. Joto likizidi, inavuta tena zaidi. Chaja isiyo na kipima joto haioni chochote. Yenyewe inaona volti ziko sawa na inaendelea kulisha. Ikifika hapo, plastiki ya ganda inalainika, presha ya ndani inasukuma, na mbavu ndefu za betri zinatuna kwa nje. Uvimbe unaouona ni hatua ya mwisho. Kilichokuwa kikitokea ndani kilianza saa nyingi kabla, pengine siku kadhaa.

Kwa betri nyingi zilizofungwa, volti za kuzitunza zikiwa zimejaa ni kati ya 13.5 na 13.8, na hesabu hiyo imepigwa kwa chumba cha nyuzi 25. Kila joto linapopanda nyuzi moja, volti zinapaswa kushuka kwa takribani 0.02. Chumba kikifika nyuzi 40, ile 13.8 iliyokuwa halali inapaswa kuwa kama 13.5. Tofauti ya 0.3 inaonekana ndogo, lakini ikikaa mchana na usiku wiki nzima ndani ya kabati lisilopitisha hewa, ndiyo inayoanzisha ule mzunguko. Hata pasipo kuvimba, mafundi wa betri duniani kote wana kanuni ya jumla kwamba kila nyongeza ya nyuzi kati ya 8 na 10 inakata umri wa betri kwa nusu. Kwa hiyo anayeniambia betri yake ya miaka mitano imekufa kwa miwili na kwamba ni feki, kwanza namwuliza ilikaa wapi. Feki zipo, sikatai. Lakini kabati huua nyingi.

Chanzo cha pili ni chaja yenyewe. Chaja kubwa za gereji, zile nzito zenye transfoma na swichi ya kuchagua ampea, nyingi hazijui kusimama. Zinasukuma hadi volti 16 na kupita. Kwa betri ya maji si neno sana. Inachemka, unaizima, unajaza maji. Kwa betri iliyofungwa ni kifo, na kwa betri ndogo ya bodaboda yenye uwezo wa ampea-saa 5 au 7 ni kifo cha saa chache, kwa sababu betri hiyo inataka kuchajiwa kwa nusu ampea hivi, nayo imewekwa kwenye chaja inayotoa ampea 10. Kwenye pikipiki yenyewe, reguleta ya volti ikiharibika mambo ni yale yale: injini ikizunguka kasi, volti zinapanda 15, 16, na betri inatuna chini ya kiti. Mwenye pikipiki ananunua nyingine, inavimba baada ya muda mfupi, anamlaani muuza betri. Kwenye gari, ukipima kwenye betri injini ikiwa inaunguruma na mita ikasoma zaidi ya 14.8 kwa muda, usiondoke gereji kabla alternata haijaangaliwa.

Kwenye sola, kosa ninalolichukia kuliko yote ni paneli iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri bila kontrola ya kudhibiti chaji. Paneli inayouzwa kama ya volti 12 hutoa volti 17 au 18 ikiwa kazini, na isipobeba mzigo inafika 21 au 22. Mtu anakwambia imefanya kazi miezi sita bila shida. Ndiyo, kwa sababu kila usiku aliimaliza betri na mchana ilikuwa na njaa. Siku aliyosafiri kwenda kijijini na kuzima kila kitu, betri ilijaa kabla ya saa sita mchana na jua lilikuwa bado na nusu siku ya kazi. Kosa jingine ni kontrola kuwekwa kwenye mpangilio wa betri ya maji wakati betri ni iliyofungwa. Mpangilio wa betri ya maji, kwenye kontrola nyingi, kila baada ya siku kadhaa unapandisha volti makusudi ili kusawazisha vyumba na kuchanganya asidi. Betri iliyofungwa haikuumbwa kwa mchezo huo. Mpangilio huo hubadilishwa kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu, na watoto hupenda kuvibonyeza.

Kinachofuata ndicho kinachowapotosha hata mafundi wazuri. Betri huweza kuvimba ikiwa chaja haina kosa lolote. Chukua betri ya vyumba sita ambayo chumba kimoja kimekufa, mabamba yake yamegusana. Sasa vimebaki vitano. Chaja inaleta volti 13.8 kama ilivyoagizwa, lakini mgao wa vyumba sita unaliwa na vitano: kila chumba kinapata 2.76, wakati gesi huanza kuzaliwa kwa wingi kwenye 2.4. Vitano vilivyo hai vinachemshwa hadi vife. Dalili yake ni nyepesi kuiona ukiwa na mita: ondoa chaja, ondoa mzigo, acha itulie saa chache, upime. Betri nzima iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma karibu na 10.5 ingawa imechajiwa usiku kucha, chumba kimoja hakipo. Usiichaji tena hata kidogo.

Betri zikiwa mbili kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, kwa mfumo wa volti 24, ndipo mwenye kosa anapojificha. Chaja inapeleka volti 27.6 kwa zote mbili, mita ya kontrola inaonyesha 27.6, kila mtu ameridhika. Lakini kama betri moja ina chumba kilichokufa, vyumba vilivyobaki ni kumi na moja badala ya kumi na viwili, na kila kimoja kinabeba 2.51. Ukipima moja moja utakuta betri mbovu ina volti 12.5, namba inayopendeza macho, na betri nzima ina 15. Itakayotangulia kuvimba yaweza kuwa hiyo nzima. Fundi anakuja, anaitoa iliyovimba, anaweka mpya, anamwacha mwenye kosa palepale. Mpya inapikwa kama ile iliyotangulia. Vivyo hivyo ukichanganya betri mpya na kuukuu, au ya ampea-saa 100 na ya 70: ndogo inajaa mapema, kubwa bado inavuta, na ziada yote inamwagikia ndogo. Kwa hiyo pima kila betri peke yake wakati chaja ikiwa kazini. Jumla pekee haikwambii kitu. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, usiliache hadi kesho.

Upo uvimbe wa polepole pia, na huo kweli ni wa uzee. Bamba chanya linaliwa na kutu miaka yote, na kutu yake inachukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe, hivyo bamba linakua. Utaona kichwa cha chanya kimeinuliwa, mfuniko una ufa kukizunguka, unga mweupe umejaa pale, lakini mbavu hazina joto. Betri iliyoachwa bila chaji miezi mingi nayo hujaa fuwele za salfeti ya risasi, ambazo nazo ni nene kuliko kilichokuwepo, na hubana mabamba. Hizi hazitalipuka usiku huu, lakini ganda lenye ufa linavuja asidi, na dawa yake ni ile ile, kuondolewa. Ukikuta kinyume chake, mbavu zimeingia ndani kidogo, usiogope sana: betri iliyofungwa ikipoa baada ya kupata joto, presha ya ndani hushuka na plastiki hunywea. Ipime, uangalie inaendaje.

Nirudi kwenye ile ya moto iliyoko chumbani kwako. Hatari zake ni tatu. Kwanza, haidrojeni haina rangi wala harufu, ni nyepesi, inapanda na kukaa chini ya dari, na inaweza kulipuka ikiwa imefikia asilimia 4 tu ya hewa, na hubaki hivyo hadi asilimia 75. Mlipuko wa betri hurusha vipande vya plastiki na asidi, na shabaha yake kubwa ni uso wa aliyeinama kuitazama. Pili ni asidi yenyewe. Tatu, ambayo watu hawaijui, ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotoka betri ikichemka kupita kiasi. Inanuka mayai viza. Nyumba nyingi hutafuta panya aliyekufa, au humlaumu aliyeacha mtungi wa gesi wazi jikoni, huku betri ikifukuta nyuma ya kochi. Ubaya wa gesi hii ni kwamba ikizidi, pua inaacha kuinusa. Harufu ikipotea ghafla kabla hujafungua dirisha, usishukuru, kimbia. Mwenye kizunguzungu, macho yanayowasha au kichwa kinachouma baada ya kulala chumba chenye betri apelekwe hospitali, na daktari aambiwe habari ya betri.

Umezima chaja, na bado betri inazidi kupata joto? Angalia kama iko peke yake. Betri zilizoungwa kwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hulishana. Yenye chumba kilichokufa inakuwa shimo, na wenzake wazima wanamimina umeme wao humo bila kuhitaji chaja wala umeme wa TANESCO. Hapa kuzima ukutani hakutoshi. Kama kuna fyuzi au breka kati ya betri na betri, izime. Kama hakuna, na nyingi hazina, usijitose kufungua nati wakati betri inatokota. Toa watu, acha milango wazi, mpigie fundi umeme mwenye vifaa, na ukiona moshi piga Zimamoto, 114 kwa Tanzania. Moto ukishika, kizimia moto cha unga mkavu au cha kaboni dioksidi ndicho chake; usimwagie maji mfumo wenye umeme.

Ikishapoa kabisa, na kupoa kwa kitu chenye risasi ya kilo nyingi huchukua saa nyingi, ndipo unaifungua. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, vua pete na saa. Waya wa hasi kwanza, chanya baadaye, kwa spana iliyofungwa utepe wa umeme kwenye mpini, ili isiunganishe vichwa viwili kwa bahati mbaya. Kwenye sola, paneli itolewe kwenye kontrola kabla ya betri. Ibebe ikiwa imesimama, usiilaze wala kuipindua, iweke ndani ya beseni la plastiki nje ya nyumba, kivulini, mbali na kisima na mahali pa kuchezea watoto, na vichwa vyake vizibwe kwa utepe. Usiipakie kwenye gari lililofungwa vioo na abiria ndani.

Asidi ikikurukia kwenye ngozi, maji ya bomba, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, na nguo zilizolowa zivuliwe. Jichoni ni hivyo hivyo, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali hata kama maumivu yamekwisha. Usitie maziwa, usitie mafuta, wala usitie magadi jichoni. Bikaboneti ya soda, ile ya kupikia, ni ya sakafuni: inyunyizie kwenye asidi iliyomwagika hadi iache kutoa povu. Na tafadhali usiichanganye na magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo yanaunguza kama asidi yenyewe.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: je, haiwezi kurudishwa? Haiwezi. Najua zipo njia. Wapo wanaoibana kati ya mbao mbili na kuikaza kwa boliti irudi umbo lake. Wapo wanaotoboa ganda kwa msumari wa moto ili itoe pumzi, na hapa naomba msomaji atafakari: msumari wa moto, kwenye chombo kilichojaa haidrojeni. Wapo wanaobandua mfuniko, kung'oa valvu na kujaza maji, wengine na chumvi. Unaweza kupata volti 12 kwenye mita baada ya hayo yote, ukafurahi. Lakini mkeka uliokuwa umebanwa kati ya mabamba umeachia, mabamba yamepinda, maji yaliyopotea hayajulikani ni kiasi gani katika kila chumba, na ganda lililokwisha kulainika halina tena nguvu ya kushika presha. Umejitengenezea bomu lenye volti 12. Anayekuuzia betri kuukuu ambayo ubavu wake umenyooshwa kwa mbao, na alama za mbao utaziona ukiitazama kwa mwanga wa upande, anakuuzia hatari aliyoitoa kwa mwenzako.

Kabla hujatoa pesa ya mpya, kilichoipika ile ya kwanza kitafutwe. Pima volti za chaja betri ikiwa imejaa. Soma kwenye kontrola au inveta ni aina gani ya betri imechaguliwa, ulinganishe na kilichoandikwa ubavuni mwa betri, ambako mtengenezaji huchapisha volti za kuchaji na ampea za juu kabisa. Maandishi hayo madogo yana thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Kwa betri iliyofungwa ya ampea-saa 100, chaja ya ampea 10 hadi 20 inatosha. Hamisha betri kutoka kabatini. Iweke penye kivuli, chini, na tundu la hewa juu karibu na dari, kwa sababu gesi inapanda. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya betri na betri. Zikiwa za mfuatano, badilisha zote pamoja, hata kama moyo unauma. Fundi akikataa kupima na kukuambia tu lete mpya, tafuta fundi mwingine.

Limebaki la mwisho, na madhara yake huvuka ukuta wa nyumba yako. Betri iliyovimba haina thamani kwako, lakini ina kilo nyingi za risasi ndani. Katika betri ya kawaida ya gari, risasi ni zaidi ya nusu ya uzito. Kwa hiyo atapita mtu wa vyuma chakavu. Akiipeleka mahali pazuri ni sawa. Akiipeleka uchochoroni, itapasuliwa kwa shoka, asidi itamwagwa mtaroni, na risasi itayeyushwa kwenye sufuria juu ya mkaa. Pwani kuna wanaoiyeyusha kutengeneza chubwi za nyavu, nyuma ya nyumba, watoto wakizunguka. Moshi wake unatua kwenye vyombo, kwenye mchanga, kwenye nguo. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu udongo wa eneo lao ulijaa risasi ya betri kuukuu. Hapa Pwani kwetu, Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kiliwaachia wakazi risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo, na uharibifu huo hauponi.

Basi usiuze betri yako kwa anayeipasua. Irudishe dukani ulikonunua mpya, wengi hupunguza bei ukiwapa kuukuu, au mpe mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yako. Na leo, kabla ya kulala, sogeza kochi, uiguse betri yako ubavuni kwa mgongo wa mkono, kisha nenda kwa jirani mwenye inveta umwombe naye aiguse ya kwake. Ya vuguvugu kidogo si kitu. Ikikufanya uondoe mkono haraka, mnazima chaja usiku huu huu.